Lumbesa Alipopimwa kwa Kikombe

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimeiona Fuso yangu mwenyewe imelala korongoni Rhotia magurudumu juu, vitunguu vimetapakaa mpaka chini kabisa, na dereva wangu amekaa pembeni anamenya kimoja. Nimemwona tembo akimaliza mahindi yangu Buger, kisha akaniachia kinyesi mlangoni kama risiti. Nimemwona mzungu akitoa dola apigwe picha juu ya magunia yangu. Nilitoka Endabash na darasa la nne na kandambili zisizofanana, nikaanza kubeba vitunguu vya watu, na leo watu wanabeba vyangu. Aliyeniambia kuna kitu kitanishangaza mimi, nilimcheka mbele ya uso wake.

Nikaja kushangazwa na funda la maji.

Kalamu si kazi yangu. Haya nayaandika kwenye daftari la stoo, na binti yangu Vero ananisahihishia herufi kubwa na nukta. Maneno nimemkataza asiguse. Nawaandikia walio kama nilivyokuwa mimi, wanaoogopa kukaa kwenye viti vya plastiki harusini, na wanaocheka wa kwanza ili wengine wasiwahi.

Mjini Karatu ukiuliza Damiano watu watakukodolea macho. Uliza Lumbesa, utaletwa mpaka mlangoni. Lumbesa ni lile gunia tunalolijaza mpaka mdomoni, halafu mdomo ukiisha tunaendelea, tunasuka kamba juu, tunapanda tunakanyaga, mpaka gunia moja linakuwa moja na nusu. Mkulima analipwa moja. Serikali imelipiga marufuku mara ngapi sijui, na sisi wafanyabiashara tumekuwa wagumu wa kusikia. Humo ndimo nilimotajirikia, sifichi. Mwili wangu nao ukafuata mtindo huohuo, na makuli wa stoo wakanibatiza.

Jina hilo nililivaa kifua mbele. Huku kwetu mtu mwembamba akija kukukopa mzigo, kwanza unajiuliza anaumwa nini. Mimi tumbo langu lilikuwa kitambulisho. Likitangulia mlangoni, mazungumzo ya bei yalishaisha nusu.

Siku nilipokwenda kupima presha, nesi aliniambia nipande mizani. Mshale ukazunguka ukagonga mwisho.

"Baba, mizani yangu imeishia hapa," akasema. "Wewe bado unaendelea."

Nikarudi stoo nikapanda ile mizani ya chuma ya kupimia mazao. Barnaba, mkuu wa makuli, ndiye aliyesoma.

"Mia moja sabini na moja! Jamani, bosi anahitaji kusukwa kamba!"

Wakapiga vigelegele kama wanawake kwenye kipaimara. Nikacheka mpaka nikakohoa, nikawanunulia kreti ya soda. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Vero, aliyekuwa mezani anaandika mzigo wa siku.

Vero ni mtoto wangu wa kwanza. Ndiye anayeshika kalamu katika biashara yangu, na siku zile nilikuwa napanda naye kreta kupeleka vitunguu na mbogamboga kwenye hoteli za watalii za ukingoni mwake. Wiki hiyohiyo ya mizani tulikuwa tunashuka kutoka juu, asubuhi, ukungu umefunika msitu, gari tupu. Sikumbuki kusinzia. Nakumbuka kelele yake, mkono wake juu ya usukani, na tairi la mbele likisaga majani upande wa bonde. Nilisimamisha gari. Alikuwa bado ameushika usukani kwa mikono miwili.

"Baba, umekoroma," akasema. "Macho yalikuwa wazi nusu, na unakoroma."

Tulipofika stoo Karatu akashuka, akafunga mlango taratibu, na upole huo ndio ulioniumiza. "Sipandi tena gari lako, baba. Mpaka uwe umepona."

Nilijaribu ubabe. Nikamwambia nani kakulea, nani kakusomesha. Akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo alipanda hoteli kwa gari la kukodi, kwa hela yangu, mbele ya macho ya mji mzima.

Ndipo nikaenda Dar es Salaam, kwenye hospitali niliyoelekezwa na daktari mmoja wa Arusha. Kukosa usingizi wa kweli, presha, sukari iliyoanza kupanda, vyote walisema vinatoka kwenye uzito. Habari za kitaalamu siziandiki, muulize daktari wako. Mimi nitakuambia kuhusu benchi.

Benchi la kungojea lilikuwa refu, la mbao, na wote tuliokaa pale tulikuwa watu wa saizi yangu. Maishani mwangu sijawahi kukaa mahali ambapo mimi si mkubwa kuliko wote. Kulikuwa na mama mmoja wa Tanga, na kijana wa benki, na mzee aliyejaa kuliko mimi kabisa. Joto la Dar lilitutiririsha kama tuko kwenye tanuri. Nikaanza kuwasimulia magari yangu. Yule mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kamba za viatu unafungiwa na nani?" Nilikuwa nafungiwa na mke wangu.

Karatu nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda kutafuta soko la vitunguu. Ukweli waliujua mke wangu na Vero tu.

Walinipunguza tumbo, lile la ndani, wakaacha kipande chembamba kama ndizi. Nilipozinduka nilitaka maji. Nesi mmoja mwenye sauti ya upole akaniletea kikombe cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya watoto, maji yamefika katikati.

"Haya ni ya kuonja?" nikamuuliza.

"Hayo ni ya robo saa, baba. Kidogo kidogo."

"Dada, mimi nina mashamba matatu."

"Hongera. Kidogo kidogo."

Alipogeuka nikajimiminia kutoka kwenye chupa, nikajaza mpaka maji yakavimba juu ya mdomo wa kikombe. Nilikuwa nimezoea. Nikagugumia. Hapo ndipo ule mshangao ulipokuja. Maji yale yalisimama kifuani kama jiwe, nikahisi nafa, yakarudi na povu, na vidonda vitano vya operesheni tumboni vikanivuta kila kimoja upande wake. Mwanamume niliyekuwa naangusha kilo mbili za mbuzi na kreti nusu ya bia, nimeangushwa na maji vijiko vitatu.

Yule nesi akanifuta mdomo, akaniambia bila hasira, "Baba, hapa hakuna nyongeza."

Nilirudi Karatu masika yakianza. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa jirani yangu Mama Safia, mwenye duka la vyombo na nafaka linalotazamana na stoo yangu. Yeye ni mjane, watu wao ni wa Kondoa, na kwa mwili alikuwa ananifuata kwa karibu. Tulitaniana miaka kumi na tano. Nikachagua kikombe kidogo cha kahawa, cha udongo, kina mstari wa bluu. Shilingi mia tano.

"Kimoja?" akasema. "Lumbesa ananunua kikombe kimoja, tena cha ndege?"

"Cha mgeni," nikasema.

Huo ndio uongo wa kwanza baada ya kurudi. Wa pili ukaja wenyewe.

Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Mke wangu, Mama Vero, mapenzi yake yako kwenye sahani. Miaka ishirini na mitano amenijazia ugali mpaka unafanana na mlima Oldeani, na sasa anakaa anatazama nikilamba mtori mwepesi wa ndizi kwa kijiko cha chai. Siku moja alisukuma sufuria akaanza kulia. "Watu watasema nakunyima, Baba Vero. Watasema nimekuchoka." Nikamfokea, nikijua nafokea njaa isiyo na mahali pa kukaa. Tukakaa siku nne hatusemeshani. Siku ya tano akaja na vikombe viwili, changu chenye mstari wa bluu na kingine, mtori katika vyote. Akaketi akanywa wake polepole, funda kwa funda, akinisubiri. Mpaka leo sijapewa zawadi kubwa kuliko ile.

Mwili nao ukaanza kuondoka. Mwezi wa kwanza suruali, wa pili pete, ikadondoka kwenye vitunguu tukaitafuta gunia hadi gunia. Mwezi wa nne nywele zikatoka na kitana. Ngozi ya mikono ikaning'inia kama nimevaa koti la marehemu. Na baridi! Mimi niliyekuwa nashinda na fulana hata mwezi wa saba wa baridi kali, nikawa najifunika shuka mbili za Kimasai na bado meno yanagongana. Lakini nilianza kulala. Mke wangu alikuwa ananitingisha kwa kudhani nimekufa, maana nyumba ilikuwa kimya. Siku nilipoinama nikafunga kamba za viatu vyangu mwenyewe, nilizifungua nikazifunga tena.

Mji ukaanza kusema. Wengine wakasema nina ugonjwa ule, wengine nimefilisika, wengine nimelogwa na wakulima wa Mang'ola kwa ajili ya lumbesa zangu. Hilo la mwisho nililiona lina mantiki. Barnaba akaniuliza wazi, mbele ya makuli wote, "Bosi, tuambie tujue. Unaumwa?"

Wote wakasimama na magunia mgongoni, wakingoja. Mimi kila nilicho nacho nimekipata mwenyewe. Sikurithi, sikubebwa. Ningewaambia nini, kwamba nililazwa kitandani nikakatwa nikiwa usingizini?

"Nimeamua," nikasema. "Nimeacha ugali, nimeacha bia, natembea. Mwanamume akiamua ameamua."

Neno hilo lilienea mpaka Mbulu. Wakaanza kuja. Mwalimu, mwenye baa, mama wa ushirika wa maziwa, na Mama Safia. Jumapili alasiri tukawa tunakutana stoo, mimi na wenzangu wanane, tunapanda mizani ya mazao mmoja mmoja, Barnaba anasoma. Walitaka mpango wangu, nami nikawapa uleule niliokuwa nao, wa mtu aliyekatwa tumbo. Kikombe cha kahawa cha uji mwepesi asubuhi, kikombe cha supu mchana, kikombe jioni. Nikausema kama nimeutunga mimi. Nikawaambia anayeshindwa ni mlegevu.

Vero alisubiri watu watawanyike. "Baba, waambie ukweli."

"Nimepona, si ulisema nikipona utapanda gari?"

"Bado hujapona," akasema, akaondoka na daftari lake.

Mama Safia alikuwa mtu wa kushindana. Kila Jumapili ananipigia mahesabu: "Wewe mwezi wa pili ulipungua kilo ngapi? Mimi sita tu. Nimelegea wapi?" Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Unakula kwa kujificha, jirani." Kumbe hakuwa anajificha. Tumbo lake zima, lenye njaa ya kawaida ya binadamu, alikuwa analilisha vikombe vitatu kwa siku, huku anameza vidonge vyake vya sukari kama alivyozoea, hajamwambia daktari.

Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limetanda, saa za adhuhuri. Binti yake, Safia, akavuka barabara anakimbia bila viatu. "Baba Vero! Mama haongei!" Nilimkuta ameanguka kati ya masufuria, jasho limemloweka, macho yanatazama bila kuona. Tukambeba mimi na Barnaba na wengine wanne, tukampakia kwenye pikapu yangu.

Hospitali walimtundikia dripu ya sukari. Sisi tukabaki kwenye benchi. Hili lilikuwa la saruji, baridi, na nilikuwa mwembamba kiasi cha kuhisi mifupa yangu juu yake. Safia alikuwa ameshika kandambili za mama yake mapajani. Nilikaa pale nikijua kitu ambacho yeye hakijui, na nikajua akifa yule mama nimemuua mimi kwa majigambo.

Daktari, kijana mdogo, akatoka. "Amezinduka. Mngechelewa kidogo tungeongea mengine. Sasa nani kampa mgonjwa wa sukari mpango wa vikombe vitatu?"

Safia akanitazama, kwa heshima kabisa. "Ni Baba Vero. Yeye amefanya hivyohivyo akapungua. Ana nguvu ya kuamua."

Ningeweza kukaa kimya. Nasema kweli, ningeweza, mdomo ulikuwa tayari umefungwa. Nikasimama, nikafungua vifungo vya shati palepale kwenye korido, nikamwonyesha daktari makovu matano. Kisha nikaingia wodini shati likiwa wazi, nikamwonyesha mwenyewe.

Mama Safia aliyaangalia, akahesabu kwa kidole bila kunigusa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kumbe umeshonwa."

"Nimeshonwa, jirani."

"Miezi mitatu nashindana na mtu aliyetolewa tumbo." Akavuta shuka mpaka kifuani. "Na kile kikombe cha mgeni?"

"Mgeni nilikuwa mimi."

Akageukia ukutani. "Toka, Baba Vero. Funga shati lako utoke."

Jumapili iliyofuata niliwaita wote saba waliobaki, na makuli nao, nikapanda juu ya mizani ikiwa ndiyo jukwaa langu. Nikasema niliyofanyiwa, mji gani, kwa nini nilificha. Nikawaambia kila mtu aache mpango wangu siku hiyohiyo na aende kwa daktari na dawa zake zote mkononi. Mwenye baa akatema mate chini akaondoka.

Barnaba akauliza, "Kwa hiyo bosi, ulisaidiwa?"

Nimebeba magunia ya kilo mia na ishirini kupanda ubao wa lori. Hakuna kilichowahi kuwa kizito kama lile neno.

"Nilisaidiwa," nikasema.

"Basi sawa," akasema Barnaba. "Mimi nilidhani ni wewe pekee duniani unayeweza kuamua, nikawa naona haya na kitambi changu."

Wakacheka, nami nikacheka, wa mwisho safari hii. Nilipotoka nje kuwasha pikapu, mlango wa pili ulifunguka. Vero akaingia na daftari lake, akavuta mkanda akajifunga.

"Twende hoteli," akasema. "Vitunguu vinachipua."

Tulipanda msituni mpaka ukingoni, kreta ikafunguka chini yetu na mawingu yake, na sisi tunabishana bei ya karoti. Sijawahi kuendesha gari vizuri hivyo.

Mama Safia alikaa wiki sita bila kunijibu salamu. Halafu siku moja akavuka barabara, akasimama mlangoni pa stoo, mikono kiunoni. "Hiyo hospitali yako. Wanapokea watu wa Kondoa, au ni ya ninyi Wairaqw peke yenu?" Madaktari walimpima mwezi mzima kabla ya kukubali. Alilipa mwenyewe, aliuza kiwanja, hakutaka senti yangu. Alichotaka ni mimi nikae kwenye benchi na Safia, nami nikakaa, saa zote nne, lilelile la mbao. Kulikuwa na wageni wengine pale, wakubwa, wanatoka jasho, wanacheka wa kwanza. Nikawaeleza ya povu na nywele na baridi. Nikawaeleza ya benchi la saruji pia.

Alipozinduka alitaka maji. Nesi alikuwa yuleyule. Nikatoa mfukoni kikombe changu chenye mstari wa bluu, nikamimina mpaka katikati, nikampa.

"Haya ni ya kuonja?" akasema.

"Ya robo saa. Na ukiongeza, mimi nitaangalia dirishani nisione povu."

Leo tuko kumi na wanne. Watatu wamefanyiwa operesheni, wengine wako na daktari wao na miguu yao, na kila mmoja anajua mwenzake yuko njia ipi. Jumapili tunatembea mpaka njia panda ya Oldeani na kurudi, Mama Safia mbele anapiga kelele tusilegee. Mimi nina kilo tisini na nne, nameza vidonge vya vitamini kila siku na nitavimeza mpaka kufa, na stoo yangu ndiyo pekee katika mtaa huu inayonunua kwa kilo. Lumbesa imebaki jina. Mtu mwenye darasa la nne ameandika haya yote, na kama kuna mwenye digrii Karatu aliyeokoa watu wengi kuliko kikundi changu, aje tupimane.

Wote wanaokuja huuliza bei kwanza, kwa kunong'ona, nami mwanzoni, hata baada ya kukiri, nilikuwa nageuza maneno, maana kuitaja bei ni kukiri tena kwamba nilinunua nilichodai nimekifanya. Sasa naitaja bila kunong'ona. Operesheni, vipimo, dawa, nauli na vyumba, safari zote za kurudi kliniki, pamoja na chombo kimoja nilichonunua kwa jirani: shilingi milioni kumi na sita, laki nne, elfu thelathini, na mia tano ya kikombe.